Mwenye Tego

Nkwabi alirudi kutoka machimboni Bulyanhulu mchana wa jua kali, anatembea kapanua miguu kama mtoto aliyejichafulia nguo. Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi kwa jirani walimwona tangu mbali. Wakatazamana. Mmoja akakohoa kikohozi cha uongo, wote wakainamia nyungo zao kuficha vicheko.

Paskazia, mke wake, hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na wiki zile alikuwa na kidonda mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi hata mama yake mzazi. Alikuwa akijidanganya kwamba ni joto la mimba. Alipomwona mumewe anavyokuja, uongo ule ukamwishia palepale, ungo ukiwa mkononi.

"Niwekee maji ya moto," Nkwabi alisema kabla hata ya salamu. "Na chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Nimesema chumvi. Au siku hizi chumvi nayo imeadimika kama sabuni?"

Maduka ya kijiji miaka ile yalikuwa na rafu tupu na picha ya kiongozi ukutani, lakini chumvi ilikuwepo. Paskazia alichemsha maji, akayapeleka bafuni nyuma ya nyumba, bafu la mabua ya mtama. Nkwabi alikuwa amekwisha kuvua suruali. Akageuka upesi akauelekea ukuta.

"Funga mlango, mwanamke!"

"Bafu hili lina mlango gani, Baba Coletha?"

Alikuwa ameona. Nkwabi naye alijua kwamba ameona, na kama ilivyo desturi ya wanaume wa namna yake, aliona afadhali akasirike kwanza kabla hajakasirikiwa.

"Ni jasho," alifoka. "Unajua huko chini kwenye duara kuna joto gani? Mtu anashinda shimoni na maji ya kuoga hakuna."

"Jasho linatoboa nyama?"

"Weka maji uondoke."

"Na mimi jasho langu limetoka duara gani?" Paskazia alisema. "Ulikuja wakati wa mavuno ukalala hapa. Tangu umeondoka ninalo hilo hilo. Mimi nimechimba wapi?"

Angekuwa mtu mwenye haya, Nkwabi angenyamaza. Lakini aligeuka, ameshika suruali mbele, macho yamemtoka kwa furaha ya mtu aliyepata pa kutokea.

"Kumbe unalo! Kumbe unalo wewe! Basi ndiwe uliyeniletea. Mama! Mama, njoo usikie!"

Akamwita mama yake kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Kule uwanjani mahindi yakaacha kupukuchuliwa.

*

Bibi Scolastika, mama yake Nkwabi, alikuwa mwanamke mkavu, mwenye rozari shingoni na hirizi chini ya rozari. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutenga sahani ya Paskazia. Akaiweka peke yake juu ya jiwe nje ya jiko, na kikombe chake pembeni.

"Usioshe pamoja na vyetu," alisema.

"Na cha mwanao nikitenge wapi, mama?"

"Mwanangu ni mgonjwa. Wewe ni mchafu. Hivyo ni vitu viwili."

Mwanamke wa Kisukuma aliyeolewa kwa ng'ombe hamjibu mama mkwe, na Paskazia alikwisha kumjibu mara moja. Alichukua sahani yake, akampakata binti yake Coletha, wakala hapo hapo kwenye jiwe huku wapita njia wakitoa salamu na kuangalia kwa macho ya pembeni.

Ndani, mama na mwana walikuwa wanaongea kwa kunong'ona.

"Sema kweli. Umelala na mke wa mtu?"

Nkwabi alikuna kichwa. Ukweli ni kwamba machimboni alikuwa amelala na wanawake kadhaa: muuza pombe, mpika maandazi, na mwingine ambaye hata jina hakumwuliza. Hao hakuwahesabu. Hawakuwa na waume, na mwanamke asiye na mume hana wa kumtegea. Lakini alikuwepo mmoja mwenye mume. Salvina, mke wa Tarsisi, mchimbaji mwenzake wa duara moja, alikuja kambini kumpikia mumewe. Tarsisi alipokwenda kwao kuzika, Nkwabi aliingia kwenye kibanda chake kuomba moto, akakaa.

"Mmoja," alisema. "Mke wa Tarsisi."

Bibi Scolastika alijipiga mapaja kwa viganja. "Basi umenaswa! Hilo ni tego. Mwenye mke amemwekea dawa mkewe, na wewe kama beberu umeingia. Bado kidogo sehemu hizo zidondoke."

Kila mchimbaji, Nkwabi naye, alijua habari za tego. Kambini zilisimuliwa kila siku: mtu aliyeoza akiwa hai, mtu aliyenasa na mwanamke wa watu hadi mwenye mali akaitwa. Na wote walijua mambo mawili. La kwanza, aliyetega ndiye peke yake awezaye kutegua, na hategui mpaka mkosaji aende mwenyewe kukiri mbele yake. La pili, aliyenaswa na tego akichomwa sindano, anakufa hapo hapo.

"Sindano usiikaribie," mama yake alisema. "Hata wakikufunga kamba."

Nkwabi alikubali upesi. Tego lilikuwa na heshima yake. Mtu wa tego ni dume aliyetegewa na dume mwenzake, lakini mtu wa kisonono au kaswende ni malaya tu kama malaya wengine.

*

Paskazia aliondoka kesho yake alfajiri, Coletha mgongoni, mimba mbele, akaenda kwa miguu hadi zahanati ya masista. Mwezi ule hiyo ndiyo zahanati pekee upande ule iliyokuwa na penisilini. Benchi la nje lilikuwa limejaa. Sista Bernadina alikuwa mfupi, mwenye mikono ya haraka na sauti ya kuitia ng'ombe. Alimpima nyuma ya pazia, kisha akatoka akaongea naye mbele ya watu wote, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuongea.

"Ni kaswende, mama. Mumeo yuko wapi?"

Mzee mmoja aliyekuwa akisinzia kwenye benchi aliamka.

"Nyumbani, Sista," Paskazia alisema akiangalia chini.

"Anafanya nini nyumbani? Mlete."

"Sista, nichome mimi kwanza. Nina huyu tumboni."

"Namwona. Wewe hujamwona, ungekuwa umekuja zamani." Sista akanyoosha kidole kwenye kabati. "Dawa niliyonayo ni hiyo. Nikikuchoma leo, mumeo akakulalia kesho, nimemwaga dawa chini na mtoto anazaliwa mfu au kipofu. Mume na mke, siku moja, sindano kwa pamoja. Sirudii."

"Akikataa?"

"Mwambie anaua mtoto wake. Mwanaume gani anakataa akisikia hivyo?"

Paskazia alimjua mwanaume huyo. Alisimama kidogo, labda Sista atalegea. Sista alikwisha kuita mwingine. Nyuma yake mwanamke mmoja alisogeza vazi lake ili lisiguse pale alipokuwa amekaa Paskazia, na hilo lilimuuma kuliko yote aliyoambiwa siku ile.

*

"Anaua mtoto nani?" Nkwabi aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga khanga ya mama yake kiunoni kwa kuwa suruali ilimchoma. "Huyo sista ameolewa? Anajua nini habari za mume na mke?"

"Sindano moja tu, Baba Coletha. Twende, turudi."

"Nichomwe nife, urithi nyumba?"

"Nyumba gani? Hii inayovuja?"

Nkwabi aliinuka ampige, maumivu yakamkalisha tena. Paskazia alimtazama bila huruma. Miaka minne ya ndoa alikuwa akimwogopa mtu huyu, na sasa alimwona amevaa khanga ya maua, anatoa machozi kwa sababu ya kuinuka tu. Woga ulimpungua, na mahali pake pakaingia chuki safi.

Bibi Scolastika ndiye aliyetoa hukumu. Nkwabi angekwenda kwao Tarsisi, ambaye wakati ule alikuwa amerudi kulima, akiri, atoe mbuzi jike. Na mkewe lazima aende naye.

"Mimi? Kufanya nini?"

"Kumwombea. Mke wa mkosaji ndiye anayepiga magoti. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Mwenye tego akiona mke mwenye mimba yuko chini, moyo unalegea."

"Nipige magoti mbele ya mume wa mwanamke aliyelala na mume wangu?"

"Ukikataa, tutajua unataka afe. Na akifa, tutajua nani wa kumwuliza."

Paskazia alielewa vizuri maana ya maneno hayo. Katika nchi ile wanawake walikuwa wakiitwa wachawi na kuuawa kwa maswali ya namna hiyo. Lakini pia alikuwa na hesabu yake. Tumbo lake lilicheza, mtoto akageuka upande, naye akamgeukia mumewe.

"Nitakwenda. Nitapiga hayo magoti. Lakini tukitoka kwa Tarsisi, siku ya pili yake tunakwenda kwa Sista, wewe na mimi. Apa."

"Akishategua, sindano ya nini tena?"

"Basi nenda na mama yako akapige magoti."

Nkwabi alimtazama mama yake. Mama yake akaangalia pembeni. Nkwabi akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba akishateguliwa atachomwa sindano, kwa kuwa wakati huo haitakuwa na madhara.

*

Tarsisi alikuwa nje ya nyumba yake anachonga mpini wa jembe. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, yule ambaye kule machimboni hushika kamba juu wakati wenzake wakiwa chini. Alipomwona Nkwabi anakuja, na mke mwenye mimba anayevuta mbuzi, alifurahi kweli.

"Karibuni! Salvina, wageni! Lete vigoda."

Salvina alitokea mlangoni na vigoda viwili. Akamwona Nkwabi. Vigoda vikamponyoka mkononi.

Nkwabi hakukaa. Alikuwa amekariri maneno njia nzima, na aliogopa akikaa yatampotea.

"Kaka Tarsisi, sikuja kwa salamu. Nimekuja kwa kosa. Ulipokwenda kuzika, mimi niliingia nyumbani kwako, nikalala na mkeo. Tego lako nimeliona. Limenikamata barabara. Nakuomba unitegue. Mbuzi huyu hapa. Na mke wangu huyu hapa."

Akamsukuma Paskazia begani. Paskazia alishuka magotini kwenye vumbi, taratibu, mkono mmoja ukishikilia tumbo. Lakini hakuinamisha kichwa kama alivyofundishwa. Alimtazama Tarsisi usoni, na kwa hiyo ndiye peke yake aliyeona.

Aliona panga dogo la kuchongea likisimama hewani. Aliona midomo ya Tarsisi ikifunguka na kubaki wazi, na macho yakienda kwa Salvina, yakirudi kwa Nkwabi, yakienda tena kwa Salvina. Huo haukuwa uso wa mtu ambaye mtego wake umenasa. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hakujua, Paskazia aliwaza. Yesu na Maria, huyu mtu alikuwa hajui chochote.

Tarsisi hakuwa ametega kitu. Hakuwahi kukanyaga kwa mganga wala kununua dawa. Alikuwa akimwamini mkewe, akimwamini Nkwabi, na kila Jumapili akisali. Mbuzi alianza kula majani ya paa, naye hakumfukuza. Alimtazama Nkwabi kwa makini: miguu iliyopanuka, jasho, woga. Akaelewa kwamba mtu huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wa namna gani, na kwamba kwa kuwa alilala na Salvina, basi umo pia ndani ya nyumba hii. Kisha akaweka panga chini.

"Umechelewa kuja," alisema kwa upole. "Wengine hawafiki."

"Nisamehe, kaka."

"Vua shati."

Tarsisi aliingia ndani, akatoka na jivu la jikoni kwenye kibuyu. Akampaka Nkwabi kifuani na mgongoni, akamzunguka mara kadhaa akinong'ona. Alikuwa akitaja majina ya wajomba zake waliokufa, maana hakujua la kunong'ona. Kisha akachukua kamba ya mbuzi kutoka mkononi mwa Paskazia bila kumwangalia.

"Nimekufungulia. Nenda salama. Kidonda kitakauka chenyewe. Lakini sikiliza, Nkwabi." Akamshika bega, kama ndugu. "Sindano usichomwe. Si leo, si mwakani. Ukichomwa, mimi siwezi kukusaidia tena."

Nkwabi alilia kwa shukrani. Akambusu mikono.

*

"Hakujua," Paskazia alisema walipofika njiani.

"Nyamaza."

"Nilimwangalia usoni. Hana tego wala nini. Wewe ndiye umemwambia, kwa mdomo wako mwenyewe! Na hilo la sindano amelisema kwa kukukomoa."

"Wivu unakusumbua. Umeona mumeo amepona, roho inakuuma."

"Uliapa, Baba Coletha. Kwa kaburi la baba yako."

"Niliapa kabla mwenyewe hajanikataza. Sasa nimsikilize nani, wewe au mwenye tego?"

Na kwa ubaya wa mambo, kidonda kikakauka. Kaswende ina tabia hiyo ya kujificha ndani na kumwacha mtu akijisifu. Nkwabi alivaa tena suruali. Akatembea kijijini kifua mbele, akawaeleza wanaume wenzake kilabuni jinsi alivyonaswa na jinsi alivyofunguliwa, na akanunuliwa pombe. Bibi Scolastika alitoa sadaka kanisani. Sahani ya Paskazia ilibaki kwenye jiwe.

Yeye alihamia jikoni, akilala na Coletha karibu na mafiga. Mtoto tumboni alikuwa akicheza kidogo kuliko zamani, au pengine ni hofu iliyomfanya aone hivyo. Alikuwa akiweka kiganja na kusubiri. Ikitokea mtoto amekaa kimya muda mrefu, Paskazia alimbonyeza kwa kidole ili amjibu.

Asubuhi moja Nkwabi alisimama mlangoni mwa jiko.

"Nimepona. Leo unarudi chumbani."

"Nitarudi ukichomwa."

"Sikukuuliza. Nimetoa ng'ombe kwa ajili yako, sikutoa kwa ajili ya kulala na mto. Leo, kwa hiari au kwa nguvu. Chagua."

Mama yake alikuwa uani anasikia. Aliendelea kuchambua mboga.

Nkwabi alipokwenda kilabuni, Paskazia alimfunga Coletha mgongoni, akachukua nguo zilizoenea kwenye kitambaa kimoja, akatoka.

"Unakwenda wapi?" Bibi Scolastika aliuliza.

"Kliniki, mama."

"Na mzigo wa nini?"

Paskazia alishika njia. Hakugeuka.

*

Mtu wa kwanza aliyemwona kwenye benchi la zahanati alikuwa Tarsisi. Kando yake alikaa Salvina, jicho moja limevimba na kufunga, mdomo umepasuka. Tarsisi alikuwa ameshika kofia yake mapajani. Alipomwona Paskazia, kofia ikaanza kuzunguka vidoleni mwake.

Paskazia alikaa karibu naye, kwa kuwa nafasi ilikuwa hapo tu.

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo." Tarsisi alikohoa. "Mumeo je?"

"Amepona. Anakusifu kila kilabu." Alimtazama kuanzia kofia hadi miguu. "Na wewe umefuata nini? Sindano?"

Tarsisi aliinamia kofia.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya mwisho," Salvina alisema kwa mdomo wake mbovu.

Hasira ilimpanda Paskazia hadi akaona giza. "Ulimwambia mume wangu sindano itamuua."

"Nilimwambia alichokuja kusikia."

"Na mimi? Nilikukosea nini mimi, Tarsisi? Nilipiga magoti mbele yako na tumbo hili. Huyu mtoto alilala na mkeo?"

Wiki zote Tarsisi alikuwa amemfikiria Nkwabi, jinsi atakavyooza taratibu na kwa hiari yake mwenyewe, na fikra hiyo ilimsaidia kupata usingizi. Mwanamke aliyepiga magoti hakumkumbuka hata mara moja. Sasa alikuwa amekaa hapa, pumzi zake anazisikia, na Tarsisi hakuweza kuangalia tumbo lile.

"Wewe!" Sista Bernadina alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Si nilikwambia? Mumeo yuko wapi?"

Paskazia alisimama. Njia nzima alikuwa ametunga maneno ya kubembeleza, machozi na ahadi. Yote yalimtoka. Lililobaki lilikuwa moja, na alipolitamka aliona kwamba halikumpa shida hata kidogo.

"Amekufa, Sista."

"Amekufa? Lini?"

"Juzi. Alikataa sindano."

Sista alimkazia macho. Alikuwa amedanganywa na watu wengi kwenye benchi lile, na aliinusa harufu ya uongo. Akamgeukia Tarsisi. "Wewe unatoka upande wa huyu mama. Unamfahamu mumewe?"

"Namfahamu."

"Ni kweli amekufa?"

Tarsisi aliizungusha kofia mara moja zaidi, kisha akasimama, kama mtu anavyosimama msibani.

"Ni kweli, Sista. Marehemu nilikuwa nachimba naye duara moja. Nimemzika mimi mwenyewe."

Uso wa Sista ulilegea. Hakuwa mtu mbaya. Alipiga ishara ya msalaba, na benchi zima likainuka pamoja naye, wazee, wajawazito, wenye watoto na wenye vidonda.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," waliitikia.

"Apumzike kwa amani."

"Amina," Paskazia alisema, kwa sauti kuliko wote, kisha akaingia ndani na kulala kitandani, akisubiri sindano.